Maziwa ya Jioni

Cherono wangu,

Habari za sweta, za viatu, na za kushika mkoba vizuri ukishuka Nairobi, baba yako ameshakupa. Amekupa mara mbili, na kesho asubuhi atakupa tena mbele ya kondakta ili uone aibu. Mimi sitaongeza hapo. Nina jambo moja tu, nalo ni refu, ndiyo maana nimechukua kalamu wakati wewe unakunja nguo huko chumbani na kujifanya hunioni.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu kwa Kipsigis ningekuambia kwa mdomo, na mdomo umenishinda tangu Jumapili. Tena jambo lenyewe lilifanyika kwa Kiswahili, acha likae huko huko.

Jumapili tulipotoka kanisani ulitusimamisha pale kwenye ua wa miti ya kayaba ukatuambia redio imekuchukua. Baba yako alipiga makofi mpaka kofia ikaanguka. Kisha ukasema, "Nitaanza na kukata kanda, Mama. Watu wanaleta mahojiano marefu, halafu mimi nachagua kipande cha kutangazwa. Tunakata na wembe, kabisa!" Mimi nikachukua ndoo nikaenda kukamua, na haikuwa saa ya kukamua. Ng'ombe mwenyewe aligeuka akaniangalia.

Tangu siku hiyo unanizunguka kama sufuria ya moto. Jana nilikusikia ukimwambia baba yako, "Mama hataki niende." Akakujibu, "Mama yako yuko hivyo tu," jibu ambalo huwa analitoa kwa kila kitu, hata mvua ikinyesha.

Nataka uende, Cherono. Naliandika hilo mapema ili usisome barua yote ukiwa na wasiwasi. Nimefurahi hadi kifua kinaniuma. Nilichokimbia Jumapili ni ule wembe, na ili uelewe ni lazima nikurudishe mwaka ule ulipoanza kidato cha kwanza. Sehemu ya mambo hayo unaijua, maana ulikunywa chai yake. Nyingine hakuna aliyekuambia, kwa sababu mwenye kukuambia nilikuwa mimi.

Unajua vile maziwa yanavyokwenda katika nyumba zetu, lakini wenzako wa huko hawatajua, na ipo siku utataka kuwaeleza. Maziwa ya asubuhi ni ya mwanamume. Yanaenda kwenye banda la kukusanyia, yanapimwa, yanapakiwa kwenye lori la Kampuni, na malipo yakija anayajua yeye. Maziwa ya jioni ni ya mama. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote, lakini mwanamume hata awe mkali namna gani hawezi kuuliza maziwa ya jioni yameenda wapi. Ndiyo yaliyowalea nyinyi. Mengine tunayatia kwenye sotet, kile kibuyu kinachosuguliwa mkaa kwa ndani, yakae mpaka yawe mursik. Na yakizidi hapo, mimi na akina mama wenzangu wa huku juu tulikuwa tunampelekea Mama Njoki.

Hoteli ya Mama Njoki ilikuwa karibu na soko la Sotik, yenye meza zilizofunikwa plastiki ya maua na kalenda ya mwaka uliopita ukutani. Wazazi wake walitoka Nyeri yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Ukimuuliza kwao ni wapi alikuambia ni Sotik, kwa sababu huko kwingine hata njia haijui. Nilianza kumuuzia maziwa nikiwa bibi harusi ambaye hajazoea hata jiko la mama mkwe. Sare yako ya kwanza ya shule ilitoka kwenye maziwa hayo, na mafuta ya taa uliyosomea.

Hata kusoma kwenyewe ulikujulia pale. Alikuwa anafunga mandazi kwa magazeti ya zamani, na wewe, mdogo hivi, ulikuwa unayanyoosha mezani na kuwasomea wateja kwa sauti. Habari za mwaka juzi, na wazee wazima wanashusha vikombe wakisema, "Eeh! Kumbe!" kana kwamba zimetokea leo. Mama Njoki alikuita Karani. Ulipofika kwenye neno gumu ukaliruka, alikuwa anakuzuilia andazi juu. "Rudi, Karani. Soma yote. Usiruke ile ngumu."

Sasa Kampuni. Tuliiita hivyo tu, kwa sababu kampuni nyingine ya maziwa hatukuijua. Ilikuwa kubwa, lori zake ziko kila barabara, kuanzia huku kwetu mpaka Kedowa na kwingine ambako sijafika. Mwaka ule ikaanza kuyumba. Malipo yakachelewa, kisha yakakoma, na wanaume wakawa wanaenda kwenye banda asubuhi na kurudi mikono mitupu. Ulikuwa ndio wakati wa vyama vingi kuanza, kila mtu amekuwa mwanasiasa, hata mahubiri ya Jumapili yalikuwa na upande. Ndipo redio ikatangaza kwamba serikali haitaiacha Kampuni ianguke. Itatia pesa za umma humo ndani, na kila mkulima mzalendo anaombwa aongeze maziwa ili Kampuni isimame haraka.

Mimi redio ile niliipenda, Cherono. Niliipenda kama mtu wa nyumbani. Msomaji wa habari alikuwa na sauti iliyonyooka, hakohoi, hasiti, hata akitangaza kifo alikitangaza vizuri. Na kwa kuwa nilifika darasa la saba na Kiswahili kinanikaa, mimi ndiye niliyekuwa mfasiri pale kwenye banda. Baba yako alikuwa anaitundika redio kwenye msumari, akina mama wanakaa juu ya mitungi ya bati wakingoja lori, na mimi nawapa habari kwa lugha yetu. Waliniita mwalimu, na sijawahi kufundisha hata kuku.

Mama Njoki naye alikuwa na redio yake, nyuma ya kaunta, inayoshika ile stesheni ya ng'ambo ya Kiswahili na kukwaruza kama kitu kinachokaangwa. Jioni moja nilipompelekea maziwa akaniambia, "Mama Cherono, hiyo pesa ya serikali itaenda kwa benki kwanza, halafu kwa wakubwa. Mkulima ako mwisho kabisa, na huko mwisho hakunanga kitu."

"Nani amesema?"

"Wamesema hapa, kwa hii."

"Hiyo ni redio ya wazungu na upinzani."

Akacheka. "Na yako ni ya nani?"

Nilichukua mtungi wangu nikaenda.

Na nikuambie ukweli wote, redio yake nayo ilikosea. Siku moja ilisema wakulima wa huku kwetu wamemwaga maziwa barabarani kwa hasira. Sisi tuko hapa, hakuna aliyemwaga hata tone. Nilimsumbua Mama Njoki kwa jambo hilo wiki nzima. "Unaona? Redio yako inatumwagia maziwa na sisi hatujui!" Akasema, "Hapo wamekosea, ni kweli. Lakini kwa mambo ya pesa, wamekosea?" Swali hilo la pili sikulingoja. Nilikuwa nimeshapata uongo mmoja wa kuzibia masikio, na nikayaziba.

Kulikuwa na jambo jingine chini ya hilo, na naona haya kuliandika. Nilikuwa najiambia moyoni, huyu ni Mkikuyu, watu wa upinzani, atasema nini kingine? Mtu aliyenipokea nikiwa bibi harusi. Redio yetu haikuwahi kuniambia niseme hivyo. Ilisema tu kila asubuhi, kwa ile sauti iliyonyooka, kwamba kuna wazalendo na kuna wachochezi. Majina nilijaza mwenyewe.

Basi siku moja akaja kijana wa redio, na mashine ya kunasa sauti begani, viatu vimejaa matope ya huku. Alitaka mama anayejua Kiswahili, wakamwelekeza kwetu. Nilimkaribisha ndani nikampa mursik, akanywa mpaka akalamba mdomo wa juu. Alikuwa na adabu, aliniamkia vizuri, akamwamkia na Kogo, mama ya baba yako, aliyekuwa amekaa mlangoni kama kawaida yake. Akaniuliza ninasema nini kuhusu serikali kuiokoa Kampuni. Nilikuwa nimepanga maneno wakati namimina, kwa hiyo nayakumbuka mpaka leo. Nilisema:

"Sisi akina mama tunashukuru serikali kwa kuinua Kampuni, kwa sababu ikianguka na sisi tunaanguka. Tuko tayari kusaidia. Lakini maziwa ya jioni hatutatoa mpaka tulipwe yale ya asubuhi, kwa sababu ya jioni ni ya watoto."

"Umeongea vizuri sana, Mama," akasema, na akafunga mashine yake.

Haikupita muda tukasikia. Ilikuwa asubuhi, banda limejaa. Sauti yangu ikatoka pale kwenye msumari: "Sisi akina mama tunashukuru serikali kwa kuinua Kampuni. Tuko tayari kusaidia." Kisha yule wa sauti iliyonyooka akasema kwamba akina mama wa Sotik wamejitolea kuongeza maziwa, yakiwemo ya jioni. Halafu wakaweka wimbo.

Akina mama wakapiga vigelegele! Mkono wangu ulishikwa mpaka ukachoka. Karani wa maziwa, ambaye siku zote alinipita kama mti, akavua kofia. "Mama wa redio!" Mimi nilikuwa bado nangoja maneno yangu mengine yatoke. Niliangalia ile redio mpaka wimbo ukaisha.

Ningependa kukuambia kwamba nilikasirika. Nilikasirika kidogo, chini kabisa. Juu yake nilifurahi. Sauti yangu ilikuwa imetoka mahali ambapo Kenya nzima inasikiliza, nayo ilikuwa fupi, safi, kama ya mtu mkubwa. Mama Kipngeno, jirani yetu wa chini, akanijia akaninong'oneza, "Kumbe umesema tutoe hata ya jioni?" Nilikuwa na nafasi, Cherono. Maneno mawili yangetosha: hapana, wamekata. Alikuwa amenikazia macho, na wengine nyuma yake wanangoja.

Nikasema, "Ni kwa muda tu."

Wale wa Nairobi walinikata mara moja. Mara ya pili nilijikata mwenyewe, bila wembe, mbele ya watu walioniamini. Jioni hiyo nikabeba maziwa yangu kupeleka kwenye banda, kwa sababu mama wa redio hawezi kubaki na yake nyumbani, na wengine wakanifuata.

Kogo aliniona nikipita na mtungi. "Hiyo Kampuni ina watoto wangapi," akaniuliza, "ndiyo inataka maziwa ya jioni?"

"Tunaiokoa, Kogo. Imeanguka."

"Imeanguka wapi? Mbona lori limepakwa rangi mpya?"

Ni kweli lilikuwa limepakwa. Mimi nilikuwa nimeliona kama dalili njema.

Kibuyu kisipotiwa maziwa hukauka, na kikikauka sana hupasuka. Sotet ya Kogo, ile aliyopewa siku ya harusi yake, ilipasuka kuanzia shingoni. Hakunigombeza. Alitafuta ngozi akaishona polepole, akairudisha ukutani ikiwa tupu, na kuanzia siku hiyo nikawa nafagia nyumba bila kuangalia upande ule. Ulipofunga shule ukaja nyumbani, ambapo desturi ni mtoto aliyetoka mbali apokewe na mursik, nilikupa strungi. Katika boma lenye ng'ombe, chai ya rangi kama ya mtu wa kupanga. Ulikunywa ukasema, "Ni tamu, Mama." Nilienda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, na baba yako akaambiwa ni moshi.

Mama Njoki akakosa maziwa. Unaweza kuendesha hoteli bila vitu vingi, lakini si bila chai katika nchi ya majani chai. Siku moja akapanda mwenyewe mpaka kwenye banda, na mtungi wake mkononi, akaomba kuuziwa. Karani wa maziwa akamwambia maziwa yote sasa ni ya Kampuni. Mtu mmoja kwenye foleni akapaza sauti, "Wapinga serikali wakakamuliwe maziwa na redio yao ya ng'ambo!" Watu wakacheka. Alisimama pale mpaka kicheko kikaisha, akageuka, akateremka.

Mimi nilikuwa kwenye foleni. Niliangalia mtungi wangu.

Hoteli ilifungwa kabla mvua hazijaisha, mlango ukapigiwa mbao. Baadaye nikasikia anauza mahindi ya kuchoma kando ya barabara, na mimi nikiwa na safari ya sokoni nikawa napita upande wa pili.

Pesa ya serikali ilikuja kweli. Redio haikudanganya hapo, na ilitangaza mara nyingi. Ambacho haikutangaza ni mahali ilipotua. Benki fulani ililipwa, ofisi zikatiwa vioo, wakubwa wakabadilisha magari, na sisi tukabaki huko mwisho ambako Mama Njoki alisema hakuna kitu. Kisha Kampuni ikaanguka tena. Kuanguka huku hakukutangazwa. Tulijua tu siku lori lilipokosa kuja. Tulingoja mpaka jua likawa kali, maziwa yakaharibika kwenye mitungi, tukayabeba kurudi nyumbani kwa mstari mmoja. Mama Kipngeno alikuwa mbele yangu. Akageuka akaniuliza, wala hakuwa na hasira, "Mama wa redio, leo hakuna habari?"

Siku hiyo nilitoa mawe, zile betri, kwenye redio nikayatupa chooni.

Usinielewe vibaya. Sisemi kubwa likianguka liachwe. Ng'ombe akitumbukia kwenye mtaro majirani wote huja kumwinua, hata wasiosalimiana na mwenyewe, na hivyo ndivyo inavyofaa. Nilikuwa tayari kuinua. Lakini akishasimama mtu angeuliza, kwa sauti, anaenda boma la nani na atakamuliwa na nani. Redio yetu haikuuliza. Na mimi, niliyeuliza kidogo ndani ya nyumba yangu, nilinyamaza nilipofika nje.

Yule kijana wa redio alipita tena huku miaka iliyofuata, kwa habari za barabara. Tulikutana njiani. Alinikumbuka, kwa sababu macho yake yalienda kwenye viatu. "Mama," akasema, "mimi hurekodi tu. Kuna mwenye kukata."

Basi hasira zote nikazihamishia kwa huyo mwenye kukata. Nilimtengeneza kichwani mwangu: mtu mnene, ana suti, ana shingo yenye mikunjo, anacheka akiwa na wembe. Nimemchukia miaka yote hii nikichuma majani, nikifua, hata nikiomba. Kisha Jumapili, pale kwenye ua wa kayaba, nikamwona. Alikuwa mwembamba, amevaa rinda nililomshonea mwenyewe, na anaruka kwa furaha. Ndiyo maana nikachukua ndoo.

Nimekaa na ng'ombe siku hizi nikifikiri. Huenda hata yule alikuwa mtoto wa mtu. Huenda alikuwa na mkubwa nyuma yake anayeangalia saa, na kodi ya nyumba, na hofu. Huenda alisikia maneno yangu yote na yakamwuma. Sitajua. Najua tu kwamba kukata ni lazima, kwa sababu habari ni fupi na wasemaji kama mimi ni warefu. Sikutumi ukapigane na wakubwa wako wiki ya kwanza, halafu urudi hapa na sanduku. Ninachokuomba ni kidogo. Sikiliza kanda mpaka mwisho kabla ya kushika wembe. Na siku watakayokulazimisha kuiacha ile "lakini" ya mama fulani chini ya meza, usijiambie kwamba ilikuwa makapi.

Leo mchana nilisema naenda Sotik kununua sabuni. Sabuni nilinunua, iko kwenye sanduku lako. Lakini nilienda kununua mawe ya redio. Nilipotoka dukani nikayatia mfukoni na kuvuka barabara, ule upande ambao sikuwa nauendea.

Mama Njoki ana kibanda sasa, na benchi moja, na birika lile lile lililobonyea. Aliniona nikija, akaendelea kupangusa meza.

"Karibu. Ni chai?"

"Ni chai."

"Ni strungi. Maziwa hakuna." Alisema bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniuma.

Nilikunywa nusu kikombe, nikakiweka mezani. "Mama Njoki, ile siku ya banda, wakati walikucheka. Nilikuwa kwa laini."

"Najua. Nilikuona. Ulikuwa unaangalia mtungi."

"Na yale maneno yangu kwa redio, walikata. Sikusema tutoe ya jioni."

"Hiyo pia najua." Akakaa chini, mara ya kwanza tangu nifike. "Wewe Mama Cherono huwezi ongea kidogo hivyo. Nilisikia nikasema, hapa kuna kitu imetolewa. Nilikuwa nangoja ukuje uniambie mwenyewe."

"Umengoja sana."

"Si umekuja?"

Nikalia, Cherono, mchana, mbele ya wapita njia. Akaniachia nilie. Alipoona inatosha akaniongezea chai na kuuliza, "Na Karani wangu? Nasikia anaenda Nairobi."

"Kesho. Ameitwa redio."

"Gani?"

"Ile ile."

Alicheka mpaka akashika benchi. Alifuta macho kwa kitambaa cha meza, akaangalia mawe yaliyotokeza mfukoni mwangu, akacheka tena. "Mwambie mimi nasikizanga zote mbili. Akiruka ile ngumu nitajua."

Nilipoinuka nikamwambia nitamletea maziwa ya jioni. "Leta," akasema, "lakini leta wewe. Usitume mtoto."

Jioni nimekamua, safari hii kwa saa yake. Maziwa yake yako kwenye mtungi mdogo pale jikoni na nitayabeba mwenyewe. Kesho kabla ya kupanda basi tutapitia kwake wote watatu, tunywe chai yenye maziwa, na baba yako amalizie hotuba yake ya sweta huko. Na kabla hatujatoka nyumbani nitakupa mursik. Nimeitia kwenye ile sotet ya Kogo iliyoshonwa, nayo haivuji. Ni yale maziwa ya Jumapili, niliyokamua bila saa ulipodhani nimekukasirikia. Hayakuwa ya asubuhi wala ya jioni. Yalikuwa yako tangu yakiwa kwenye ndoo.

Mawe mapya yameingia kwenye redio. Nimeijaribu kwa sauti ya chini ili usisikie, na bado inafanya kazi. Nitakusikiliza kila asubuhi, na jioni nitasikiliza ile nyingine kwa Mama Njoki. Ipo siku utakata mahali ambapo hukutaka kukata, na mimi nitasikia, kwa sababu sauti iliyokatwa naijua, nimewahi kuisikia ikiwa yangu. Siku hiyo usiogope kwamba nimekasirika. Nitakuwa hapa nikijua kwamba huko ndani kuna mama alisema "lakini," na kwamba safari hii kuna mtu aliyemsikiliza mpaka mwisho, na ni mtoto wangu.

Mama yako,
Rael